Jinsi ya kujaza chati ya mzunguko wako mpaka daktari apate pa kuanzia (kwa mnaoanza)

Kila wiki lazima nipate meseji za hivi: dada homoni zangu zimevurugika ninywe nini, dada nimepima nimeambiwa mayai hayapevuki, dada piriodi inakuja inavyotaka yenyewe nifanyeje. Na mimi kila wiki nauliza swali lilelile, ya mwisho ilianza tarehe ngapi na ile ya kabla yake je? Hapo ndo kimya. Au naambiwa "mwanzoni mwanzoni mwa mwezi". Sasa mdogo wangu, daktari atakusaidia nini na mwanzoni mwanzoni? Nimeamua niandike yote sehemu moja, atakayeuliza nimtumie asome kwa utulivu, yatakayobaki ndo tuongee.

Mimi sio daktari. Ni mama wa watoto wawili, naishi Buzuruga, Mwanza, na nimejaza chati miaka sita. Nilianza baada ya kuhangaika miaka mitatu bila kushika mimba. Kuna hospitali moja hapa mjini walinipima projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) siku ya 21 ya mzunguko, ikaja chini, nikaambiwa yai halipevuki, nikapewa dawa za kupevusha nikameza miezi minne kichwa kinauma na hakuna kitu. Kumbe mimi yai langu linapevuka kwenye siku ya 24 au 25. Walinipima kabla. Hakuna aliyeniuliza mzunguko wangu una siku ngapi na mimi mwenyewe nisingeweza kujibu. Ndo maana nikiongea hili naongea kwa uchungu, kipimo cha homoni kisichojua upo siku ya ngapi ni hela imetupwa ziwani.

Nadharia kidogo tu alafu tuendelee. Nusu ya kwanza ya mzunguko estrojeni inapanda, ndo inaleta ule ute wa kuteleza. Yai likishatoka, projesteroni inashika usukani, ute unakauka na joto la mwili linapanda kidogo, kama 0.2 mpaka 0.5 ya nyuzi. Kwaiyo ute na joto ni homoni zako zinaongea kwa nje, bila sindano. Daktari John Billings na mkewe Evelyn kule Melbourne, Australia, ndo walikaa na mambo ya ute kuanzia miaka ya 1950, baadaye Thomas Hilgers kule Omaha, Marekani, akachukua chati hiyohiyo akaiunganisha na vipimo na matibabu. Imetosha.

Vitu unavyohitaji

Daftari la hesabu lile lenye viboksi, la shule la kawaida. Kalamu mbili za rangi tofauti. Tishu nyeupe, isiwe ya rangi wala yenye manukato. Themometa ya dijitali, na hapa ukienda famasi omba inayosoma desimali mbili, yani ikuandikie 36.42 sio 36.4 tu, maana badiliko lenyewe ni dogo. Ukikosa ya desimali mbili chukua ya moja, bora hiyo kuliko kukaa bure, ila ute ndo utaubebea uzito zaidi. Na uvumilivu wa mizunguko mitatu. Mmoja hausemi kitu.

Aplikesheni za simu sizikatai, ila nyingi zinakubashiria siku ya yai kwa kupiga hesabu tu, na mwenye homoni zilizovurugika hesabu ndo kitu cha kwanza kumdanganya. Tumia kama daftari, usiitumie kama mganga.

Kingine kabla hujaanza. Kama upo kwenye sindano ya miezi mitatu, kijiti, au vidonge vya uzazi wa mpango, chati haitasoma homoni zako, itasoma dawa. Na ukiacha sindano subira inahitajika, wengine inawachukua miezi tisa kumi tangu sindano ya mwisho ndo mzunguko urudi. P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo inavuruga mzunguko ulioimezea, kwaiyo iandike.

Hatua

1. Jua siku ya 1 ni ipi. Siku ya 1 ni siku damu imetoka ya kweli, ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya juzi yake sio siku ya 1, hayo ni ya mzunguko unaoisha. Hili ndo kosa namba moja kabisa, mtu anaanza kuhesabu kwenye matone, hesabu yote inasogea siku mbili tatu, na daktari anapima siku ya uongo. Na usihesabu kwa kalenda ya mwezi kwamba "mimi huwa tarehe 10". Hesabu kutoka siku ya 1 mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Ukiwa kati ya siku 24 na 38 upo kawaida, hata kama sio 28. Mabinti wa miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo mzunguko kuyumba mpaka siku 45 sio ajabu, msiwakimbizie dawa.

2. Andika damu kwa kiasi chake. Herufi D kubwa kwa damu, alafu idadi ya pedi zilizojaa. D4 maana yake pedi nne zimelowa leo. Herufi d ndogo kwa matone. Andika pia rangi kama ni kahawia, na mabonge kama yapo. Wengi wanaandika "nilibleed sana", sasa sana ya nani? Kuna dada alikuwa anasema zake za kawaida tu, tulipohesabu alikuwa anabadilisha pedi iliyojaa kila baada ya saa moja na nusu siku mbili mfululizo, alipopima damu ilikuwa imeshuka vibaya. Alizoea. Mama yake na dada zake wote wako hivyohivyo.

3. Ute, kila siku, kila unapoenda chooni. Futa na tishu kabla ya kukojoa na baada, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikia kwanza, je tishu imepita kwa kukwaruza au imeteleza? Alafu angalia. Kama kuna kitu kichukue kwa vidole viwili uvute taratibu. Herufi ninazotumia mimi:

K – kavu, hakuna kitu
N – unanata, unakatika ukivuta, kama gundi ya karatasi
M – wa maziwa maziwa, kama losheni
U – utelezi, unang'aa kama ute mbichi wa yai la kuku, unavutika bila kukatika

Usiku andika herufi moja tu ya siku nzima, ile ya juu kabisa uliyoiona. Ukiona U mara moja asubuhi na siku nzima iliyobaki ni N, siku hiyo ni U. Usichunguze ndani kwa vidole, wa nje unatosha. Na usiangalie mara tu baada ya tendo, shahawa zinafanana na ute zitakuchanganya, andika alama ya moyo siku hiyo uendelee.

Tafadhali sana dada zangu, acheni kujisafisha ndani kwa sabuni, maji ya ndimu, shabu na hizo dawa za kubana. Mbali na madhara mengine unafuta ushahidi. Ute sio uchafu. Nimeshakutana na wadada walioaminishwa tangu shule kwamba ule wa kuteleza ni ugonjwa, wakanywa antibayotiki kila mwezi kwa kitu ambacho ndo uzima wenyewe. Wa ugonjwa unajulikana, unanuka, unawasha, una rangi ya kijani au umekatikakatika kama maziwa mgando, na huo unapeleka zahanati, hauupangii chati.

4. Joto, asubuhi, kabla hujanyanyuka. Themometa ilale nawe ndani ya neti, chini ya mto. Ukishtuka tu unaiweka chini ya ulimi, kabla ya kukaa, kabla ya maji, kabla hata hujamjibu bibi salamu yake ya mwangaluka. Iwe saa ileile kila siku kadri inavyowezekana na uwe umelala angalau masaa matatu mfululizo. Soma, andika papo hapo, usiseme nitaikumbuka.

Siku yenye homa, malaria, pombe jana yake, msiba umekesha, mtoto amesumbua, andika joto lakini lizungushie duara na sababu pembeni. Siku za duara huzihesabu.

Naulizwa sana na wanaofanya kazi usiku. Kuna dada wa Igombe anayenunua dagaa, usiku wa giza mitumbwi inarudi alfajiri yeye yuko ufukweni kuanzia saa tisa, usiku wa mbalamwezi wavuvi hawaendi basi analala hadi saa kumi na mbili. Chati yake ya kwanza ilikuwa kama msumeno. Tulichofanya ni kuongeza mstari chini ameandika "giza" na "mbalamwezi", akawa analinganisha joto la giza na la giza mwenzake tu, na ute akauamini zaidi. Mwezi wa tatu picha ikatoka. Manesi wa zamu na mama ntilie wanaowasha moto saa kumi, fanyeni hivyohivyo.

5. Mstari wa mengineyo. Neno moja moja. Maumivu na upande gani, matiti kuuma, chunusi, nywele za kidevuni, maziwa kutoka wakati hunyonyeshi, baridi isiyoeleweka, kichwa, usingizi, hasira, uzito kila Jumatatu. Na kila dawa uliyomeza, ikiwemo ya mitishamba. Usifiche ya mitishamba.

6. Tafuta kilele. Siku ya kilele ni siku ya MWISHO ya U, na utaijua kesho yake tu pale ute utakapokauka au kurudi N. Sio siku yenye ute mwingi kuliko zote, ni ya mwisho. Zungushia kwa rangi. Alafu angalia joto: unatafuta siku tatu mfululizo zilizo juu ya siku sita zilizotangulia, na ile ya tatu iwe imezidi kwa 0.2 au zaidi. Kilele na kupanda kwa joto vikikaa karibu, tofauti ya siku moja mbili tatu, una ushahidi mzuri kwamba yai limetoka.

Hii hapa sehemu ya chati yangu ya zamani, nimeifungua sa hivi:

Siku 21 – M – 36.21
Siku 22 – U – 36.18
Siku 23 – U – 36.24
Siku 24 – U – 36.15 (kilele)
Siku 25 – N – 36.26
Siku 26 – K – 36.47
Siku 27 – K – 36.50
Siku 28 – K – 36.55
...
Siku 31 – d kahawia – 36.49
Siku 32 – d kahawia – 36.41
Siku 33 – d kahawia – 36.33
Siku inayofuata – D3

Angalia siku ya 21. Nilikuwa bado kwenye M, yai hata halijakaribia kutoka. Na ya 21 ndo siku waliyonitoa damu kipindi kile, kabla sijaanza chati.

7. Hesabu nusu ya pili. Kuanzia siku ya kwanza ya joto la juu mpaka siku moja kabla ya D. Kwa watu wengi ni siku 11 mpaka 16, na kwa mtu mmoja haibadiliki sana mwezi kwa mwezi, kinachorefuka mzunguko ukirefuka ni nusu ya kwanza. Yangu pale juu ni 26 mpaka 33, siku 8. Fupi. Chini ya 10 kwa mizunguko miwili mitatu mfululizo ni jambo la kumwonyesha daktari. Joto likibaki juu siku 18 bila damu, pima mimba.

8. Linganisha na picha hizi. Hapa uwe makini, chati haitoi jina la ugonjwa, inaonyesha mlango wa kugonga.

Nusu ya pili fupi na matone ya kahawia siku tatu au zaidi kabla ya damu: projesteroni huenda haitoshi, au tairoidi (tezi ya shingoni), au prolaktini (homoni ya maziwa). Matone yanaweza pia kuwa uvimbe mdogo ndani ya kizazi au maambukizi, kwaiyo ultrasaundi ina nafasi yake.

Mizunguko mirefu ya siku 40, 60, 90, ute wa U unakuja unaondoka unakuja tena vipande vipande na joto halipandi: yai linajaribu linashindwa. Hii inaonekana sana kwenye PCOS, ule mvurugiko wa homoni wa ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linasema PCOS inagusa kama mwanamke mmoja katika kila kumi walio umri wa kuzaa na wengi wao hawajui. Ila haithibitishwi kwa chati wala kwa ultrasaundi peke yake. Vigezo vya Rotterdam vya 2003 wanavyotumia madaktari vinataka viwili kati ya vitatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Kama umeambiwa una PCOS kwa ultrasaundi tu na mzunguko wako uko sawa na huna chunusi wala ndevu, rudi ukaulize tena.

Joto la chini muda wote, damu nyingi, uchovu, baridi, uzito unapanda: tairoidi iliyolala. Mimi nilikuwa navaa sweta Oktoba hapa Mwanza, mwezi ambao watu wanalala na madirisha wazi, nikidhani ni malaria sugu.

Kavu karibu mwezi mzima, damu kidogo au hakuna, maziwa yanatoka: prolaktini. Kuna dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinazoipandisha, ndo maana ya ule mstari wa dawa. Ukiwa na hayo pamoja na kichwa kikali na macho kupungua nguvu za kuona pembeni, nenda wiki hiihii.

Chini ya miaka 40, damu imeanza kuruka miezi, joto la ghafla usoni na kifuani, ukavu: omba FSH (homoni inayoamsha mayai), na ikiwa juu daktari anaweza kuirudia baada ya wiki nne hivi kabla hajaamua.

Na hili la huku kwetu lazima niliseme. Kama una matone katikati ya mzunguko au baada ya tendo, na ulikulia vijiji vya bara kule Misungwi au Kwimba ukichota maji malambo na kulima majaruba ya mpunga, mtajie daktari kichocho. Kichocho cha mkojo kinaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na njia ya uzazi, kinatoa damu, kinaumiza, kinazuia hata mimba, na watu wanazunguka miaka wakitibiwa homoni au magonjwa ya zinaa. Dawa yake ni prazikwanteli na ni ya bei ya chini. Matone baada ya tendo pia ni sababu ya kwenda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, usiichelewe hiyo.

9. Peleka chati, na pangia vipimo siku zake. Mizunguko mitatu ikitimia nenda. Hospitali ya Sekou Toure au Bugando ukihitaji bingwa wa akina mama, ila hata kituo cha afya cha karibu unaweza kuanza nacho upate barua ya rufaa. Piga picha za chati kwenye simu na daftari lenyewe ulibebe. Usimwambie daktari nina PCOS, mwambie mizunguko yangu mitatu ni siku 33, 35, 34, kilele siku ya 24, 26, 25, nusu ya pili siku 8, matone siku tatu. Utaona anavyonyanyua macho.

Siku za vipimo ziko hivi. FSH, LH (inayolitoa yai) na estradioli (estrojeni), siku ya 2 mpaka ya 5 ya damu. Projesteroni, siku 7 baada ya KILELE CHAKO, sio siku ya 21 ya kila mtu. Kwangu mimi ni siku ya 31. Ikizidi 3 kwa kipimo cha ng/ml yai lilipevuka, ila angalia karatasi maana maabara nyingine wanaandika nmol/l na hiyo namba ni kubwa kama mara tatu, watu wawili wanaweza kubishana bure juu ya majibu yaleyale. Prolaktini, asubuhi, umetulia, hujaamka na haraka, matiti hayajashikwa usiku. TSH, kipimo cha tairoidi, siku yoyote. Ultrasaundi muulize daktari anataka kuona nini ndo akupe siku.

Mnaotoka Ukerewe au Sengerema hapa ndo chati inaokoa nauli. Ukiona kilele, kesho yake piga hesabu ya siku ya 7, ulizia kama maabara inafanya kazi siku hiyo, kata tiketi yako, wa Ukerewe ya meli ya Nansio. Siku 6 au 8 pia sio mbaya kama ya 7 ni Jumapili.

Na mume apimwe. Mara nyingi sana shida ipo kwa baba au kwa wote wawili, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote nilivyovitaja hapo juu, akae siku 2 mpaka 7 bila tendo atoe sampuli. Mama mmoja amejaza chati nzuri za mwaka mzima, yai linapevuka kila mwezi, kumbe mzee hajawahi kupimwa kwa sababu ana mtoto wa ujanani. Baba zetu, kuwa na mtoto wa zamani sio cheti.

10. Endelea kujaza wakati wa matibabu. Hapa ndo wengi wanaacha na ndo inapofaa zaidi, maana chati inakuonyesha dawa inafanya kazi au la. Projesteroni yangu ya siku ya 31 ilikuja 4.8 ng/ml, yani yai lilipevuka, ila TSH ilikuwa juu. Sikuhitaji dawa ya kupevusha, nilihitaji ya tairoidi. Nilianza levothairoksini, na nikaona kwenye daftari langu mwenyewe nusu ya pili ikitoka siku 8, 9, 11, 12, na matone yakaisha mwezi wa nne. Mwezi wa saba joto halikushuka.

Matibabu mengine nitapita haraka kwa sababu ya daktari ni ya daktari. PCOS, kupunguza uzito hata asilimia 5 mpaka 10 kwa mwenye uzito mkubwa kunaweza kurudisha yai lenyewe. Metformini kwa baadhi. Na anayetafuta mtoto letrozoli (dawa ya kupevusha yai) ndo inaanza siku hizi, utafiti wa Marekani wa 2014 kwa wanawake 750 wenye PCOS ulionyesha inaleta watoto wengi zaidi kuliko klomifeni, ile ya kupevusha ya zamani. Asiyetafuta mtoto na anakaa miezi bila damu asiseme afadhali nimepumzika, ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa bila kusafishwa na hiyo miaka ikienda ni hatari ya saratani, atapewa dawa ya kuushusha. Prolaktini ina dawa yake, kabergolini. Usinunue hata moja kati ya hizi duka la dawa kwa sababu shoga yako ilimsaidia.

Usisubiri mizunguko mitatu kama:

unalowesha pedi kila saa kwa masaa mawili au zaidi, au unaona kizunguzungu. Damu imezidi siku 8. Hujaona siku zako miezi mitatu na mimba haipo. Umechelewa na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, ni kukimbia hospitali sio kuandika. Au umeshakoma hedhi alafu damu imerudi. Na kama mmetafuta mtoto mwaka mzima, au miezi sita ukiwa na miaka 35 kwenda juu, nenda na chati uliyo nayo hata kama ni nusu.

Ikigoma

*Joto linaruka ruka halieleweki.* Angalia kwanza kama unalala mdomo wazi, kama themometa betri imechoka, kama unapima masaa tofauti. Ondoa siku za duara. Ikigoma bado achana na joto mwezi mmoja, fanya ute tu.

*Sioni ute kabisa.* Kunywa maji, angalia mara nyingi zaidi, hasa baada ya haja kubwa hapo ndo unashuka. Dawa za mafua na aleji zinakausha. Mizunguko mitatu mikavu kweli ni jibu tayari, lipeleke.

*Nina utelezi kila siku.* Pima maambukizi kwanza. Ukiwa safi, tafuta siku inayobadilika kutoka ile hali yako ya kila siku, hiyo ndo ya kuangalia.

*Vile vijiti vya kupima yai kwenye mkojo vinasema ndio kila siku.* Kwenye PCOS LH inaweza kukaa juu muda wote, vinadanganya. Joto ndo litakuthibitishia.

*Mzunguko mmoja joto halikupanda.* Mmoja kwa mwaka, baada ya ugonjwa au msiba, sio kitu. Miwili mitatu mfululizo ndo habari.

*Nanyonyesha.* Prolaktini yako iko juu kwa kazi yake, usiipime useme ni ugonjwa. Jaza ute tu na usubiri.

*Naweza kutumia hii kuzuia mimba?* Kuna njia zake zenye sheria zake na unafundishwa na mtu ana kwa ana. Hii niliyoandika hapa haitoshi kwa kazi hiyo, usije ukaitegemea.

*Mume haelewi daftari, anasema naandika uchawi.* Mpe themometa. Wangu alikuwa ndo anasoma namba na kuandika, mimi nimelala macho nusu, na siku joto liligoma kushuka yeye ndo alihesabu 18 kabla yangu akaenda famasi ya pale stendi kununua kipimo bila kuniambia.